Shajara ya Mradi: Oili ya Fielder, kwa Saa Badala ya Kilomita

Jumamosi, 13 Januari 2024. Kilomita 148,212

Gari limefika nyumbani. Ni Toyota Fielder ya mwaka 2008, mwili wa NZE141, injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu, petroli. Tumelinunua mimi na shemeji yangu kwa mtu aliyelitumia hapa Nairobi, tena kwa masharti: siku za kazi ni langu, Donholm hadi Westlands na kurudi, wikendi moja kila mwezi analichukua yeye kwenda Nakuru kwa biashara yake ya mahindi. Habari ya oili nimeachiwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyemsumbua muuzaji kwa maswali.

Muuzaji alisema gari limefanyiwa sevisi juzi tu. Nikamuuliza juzi ya lini, akacheka. Risiti hana, daftari hana. Maandishi pekee niliyoyapata ni kibandiko cha Kijapani kwenye fremu ya mlango wa dereva, nusu kimechubuka. Nilikielekezea simu ikanitafsiria: kubadilisha oili, mwaka wa 26, mwezi wa 8, kilomita 61,000 na kitu. Huo mwaka wa 26 ni wa enzi ya Heisei. Ukijumlisha 1988 unapata 2014. Kwa hiyo ninajua barabara habari za oili iliyomwagwa Japani miaka tisa na nusu iliyopita, na iliyomo sasa siijui kabisa.

Nimechomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili imeishia chini ya alama ya chini. Ni nyeusi tititi, na ukiisugua kati ya vidole inakwaruza kidogo, kama chai yenye majani. Weusi peke yake haunitishi. Oili ya injini huwekwa dawa za kusafisha, na kazi yake mojawapo ni kubeba masizi isiyaache yagande ndani. Oili inayobaki angavu miezi sita ndiyo ya kutiliwa shaka. Kilichonitisha kiko chini ya kifuniko cha kumiminia: ukoko wa kahawia, umekauka, kama ule unaobaki kwenye sufuria ya maharage yaliyoungua. Huo haufanyiki kwa wiki mbili. Huo ni oili iliyoachwa mpaka dawa zake zote zikaisha.

Jumamosi, 20 Januari. Kununua

Nimeshinda asubuhi nzima Kirinyaga Road. Wazee bado wanaiita Grogan, na ukisimama pale dakika tano utakuwa umeshauziwa shokabzoba ambazo hukuzijia.

Muuzaji wa kwanza aliuliza gari la mwaka gani, nikamwambia, akashusha 20W-50. "Siste, hiyo injini imezeeka. Mpe nzito, itaziba nafasi." Ni ushauri unaotolewa Nairobi nzima, na nilisita kidogo kwa sababu una mantiki yake: injini inayokula oili sana inaweza kunufaika na oili nzito. Lakini sijajua kama hii yangu inakula. Halafu kuna jambo la namba zenyewe. Namba iliyo kabla ya W ni ya oili ikiwa baridi, na W yenyewe ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, unaopimwa kwenye nyuzi 100. Asubuhi ya Julai hapa kwetu hushuka karibu na nyuzi 10, na hiyo 20W inapanda polepole kwenye vijia vyembamba wakati injini ndiyo kwanza imewashwa, dakika ambazo vyuma vinasagana kuliko wakati wowote. Tena 1NZ-FE ina mfumo wa VVT-i, unaogeuza muda wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia msukumo wa oili hiyohiyo, kupitia vali ndogo yenye kichujio chembamba. Ulibuniwa kwa oili nyepesi. Nikachukua 5W-30 ya sintetiki, yenye alama ya API SP, daraja la ubora lililoanza kutumika mwaka 2020.

Kabla ya kulipa niliangalia mambo matatu: pete ya plastiki ya kifuniko haijakatika, namba ya toleo imechapwa kwenye mkebe wenyewe na siyo kwenye lebo peke yake, na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ipo. Sisemi hiyo ni kinga kamili. Wanaojaza oili chafu kwenye mikebe halisi wanajua kazi yao.

Gharama ya leo: oili lita 4, shilingi 4,800. Filta 850. Washa ya bolti ya kumwagia, ile pete ya kuzuia kuvuja, 80. Spana ya filta 650. Stendi mbili za kushikilia gari 4,200. Hapa shemeji aliguna, kwa nini nisitumie jeki iliyokuja na gari. Jeki ni ya kuinulia. Mtu halali chini ya gari linaloshikwa na jeki, basi. Karai 300.

Jumapili, 21 Januari. Kilomita 148,306. Siku ya kwanza kubadilisha, na aibu yake

Hatua za kawaida nitazipita mbio, zimejaa kila mahali: pasha injini dakika kama tano ili uchafu uelee na oili ilegee, zima, inua, weka stendi, fungua kifuniko cha juu, fungua bolti ya chini, subiri.

Tatizo la kwanza lilikuwa bolti yenyewe. Kichwa chake ni cha spana namba 14, lakini kona zimelika, na pembeni kumevimba gundi ya silikoni ya kijivu. Soketi yangu ya pembe kumi na mbili ilizunguka hewani. Nikatoka chini ya gari nikaenda kwa fundi mmoja mzee mwenye gereji ya mabati karibu na stejini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Gari limekugomea?"

Nikamweleza. Alinipa soketi ya pembe sita na kunionyesha kwa kidole tofauti: ya pembe sita inashika ubapa wa bolti, ile yangu inashika kona, na kona ndizo zimeshaliwa. Akaniambia niigonge iingie mpaka mwisho kabla ya kuzungusha. Ikafunguka kwa mlio wa kuvunja kijiti.

Ndani, badala ya washa, kulikuwa na tepe nyeupe ya mafundi wa bomba, imezungushwa mara nne tano kwenye hesi, na silikoni juu yake. Nilikaa kitako nikaitazama. Tepe ile ikikatika vipande vinaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na humo ndimo kuna wavu wa pampu ya oili unaofyonza. Ukizibwa wavu huo, injini inakauka huku kijiti kinaonyesha oili imejaa. Nilitoa nyuzinyuzi zote kwa koleo ndogo, nikapangusa mdomo wa tundu kwa kitambaa kisichotoa manyoya. Hesi za bolti zilikuwa zimechoka lakini za kwenye sampu zilikuwa nzima, nashukuru.

Oili iliyotoka haikutoka kwa mkondo. Ilianza kama uji, kisha ikalegea. Kwenye karai nilipata lita mbili na robo. Injini hii hubeba 3.7 ukibadilisha na filta. Gari lilikuwa linatembea na upungufu wa karibu lita moja na nusu, na muuzaji analiita la sevisi ya juzi.

Nikafungua filta, nikapaka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, nikaifunga kwa mkono mpaka mpira ulipogusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Bolti na washa mpya. Lita tatu na nusu nikamimina, nikapima, nikaongeza kidogo. Nikashusha gari, nikaingia, nikawasha.

Sekunde labda nane. Kisha nikasikia soja wa geti, ambaye kwa kawaida haongei na mtu asubuhi: "Madam zima! Zima! Zimaa!"

Nilipotoka, chini ya gari kulikuwa na ziwa. Oili mpya, ya rangi ya asali, ya shilingi 4,800, inatambaa taratibu kwenye kabro, matofali ya maegesho, kuelekea gari la jirani wa namba 7. Bolti ilikuwa kavu. Filta ndiyo ilikuwa inamwaga pembeni mwote.

Niliifungua tena na kosa likaniangukia mkononi. Mpira wa filta ya zamani haukuwa umetoka na filta yake. Ulibaki umeganda kwenye injini, mweusi juu ya chuma cheusi, nami nikafungia mpira mpya juu ya ule wa kale. Mipira miwili ikipandana, ukikaza kwa mkono unahisi imeshika vizuri tu. Pampu ikishaanza kusukuma inateleza. Ningekagua filta ya zamani mara moja kabla ya kuiweka chini, ningeona haina mpira.

Kwa anayefuata shajara hii: ukitoa filta ya zamani, igeuze uitazame uso. Mpira haupo pale? Uko juu. Kisha pitisha kidole na kitambaa pale inapokaa, mzunguko mzima, maana macho hayatauona.

Nilibandua ule mpira, nikafunga upya filta ileile kwa kuwa mpira wake haukuwa umejeruhiwa, nikamtuma mtoto wa jirani kwa boda kuniletea lita moja ya oili ya aina ileile: 1,300. Safari hii niliwasha soja akiwa amechuchumaa anatazama chini. "Iko sawa," akasema. Taa nyekundu ya birika, ya msukumo wa oili, ikazimika sekunde ya pili. Nilizima, nikasubiri dakika kumi oili ishuke, nikapima: katikati ya alama mbili. Nikaongeza mpaka karibu na ya juu.

Keateka, msimamizi wa nyumba zetu, alikuja saa nane kutazama kabro. Nimemwahidi kusafisha.

Jumamosi, 27 Januari. Kusafisha, na oili chafu inaenda wapi

Maranda kutoka kwa seremala, debe moja bure, nikamwaga juu ya doa na kuyasugua kwa ufagio wa nje, nikayaacha usiku, nikarudia. Sabuni ya unga na maji ya moto mwishoni. Doa limepungua lakini lipo. Bolti mpya nimepata kwa 350, M12 yenye hesi za 1.25, na nitaifunga kwenye mzunguko ujao. Ya zamani kwa sasa imeshika na haivuji.

Oili chafu niliihifadhi kwenye mkebe ule mtupu. Watu wawili wameniomba. Mmoja anataka kupaka nguzo za ua mashambani zisiliwe na mchwa. Najua ni kawaida, hata nyumbani kwa wazazi wangu zilipakwa, lakini oili iliyotumika imebeba vumbi la metali za injini na mabaki ya petroli, na mvua ikinyesha haikai kwenye nguzo. Nikimwaga kwenye mtaro wa hapa Donholm inaingia Mto Ngong, Mto Ngong unaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, na Athi, ikishabadilisha jina kuwa Sabaki, inaishia baharini karibu na Malindi. Nimeipeleka kwa yule fundi mzee. Ana pipa, na wanunuzi wa oili chafu hupita kulikusanya.

Wa pili aliyeniomba hakutaka oili, alitaka mkebe. Nikautoboa kwa msumari mara tatu mbele yake, akaelewa.

Fundi mwingine hapohapo alinishauri mara ijayo nimwage dizeli kwenye injini, niiwashe dakika chache, "ioshe ukoko." Mzee alitikisa kichwa kabla sijajibu. Dizeli ni nyepesi mno kukinga bering, na hutaitoa yote. Inayobaki inalegeza oili mpya. Tena ukoko ukibanduka kwa mkupuo unakwenda wapi? Kwenye wavu uleule. Oili nzuri inayobadilishwa mapema itaulamba polepole.

Hesabu ya Januari, vifaa pamoja na upuuzi wangu: 12,530. Fundi angenitoza 500 za kazi. Nimeandika, nisije nikajidanganya kwamba nimeokoa pesa.

Alhamisi, 29 Februari. Kwa nini nimeanza kuandika saa

Sasa swali lenyewe: nibadilishe tena lini?

Shemeji anasema 5,000, kama kila mtu. Toyota wenyewe, kwa magari ya petroli yasiyo na tabo (kisukuma hewa cha injini) yanayouzwa Japani, wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Na kwa matumizi magumu, nusu yake, 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu kwao ni safari fupi, vumbi, na injini kunguruma muda mrefu bila kwenda. Nilisoma orodha hiyo nikaona wameelezea Jogoo Road, njia yangu ya kazini.

Wazo lilinijia kazini. Jengo letu lina jenereta ya dizeli kwenye maegesho ya chini, na fundi wake amebandika karatasi: kubadilisha oili kila saa 250. Jenereta haijawahi kusogea hata hatua moja. Ikihesabiwa kwa kilomita ingekuwa na oili mpya milele.

Kwa hiyo mwezi huu wote nimeweka daftari kwenye kisanduku cha mbele, naandika muda wa kuwasha na wa kuzima. Siku 20 za kazi, kilomita 28 kwa siku, jumla 560. Muda: asubuhi kama dakika 55, jioni saa moja na robo, jumla ya mwezi saa 43 na dakika 20. Ni kilomita 13 kwa saa. Mwendesha baiskeli ananipita, na wananipita kweli, pale kwenye mzunguko wa City Stadium.

Shemeji alikwenda Nakuru mara moja: kilomita 340 kwenda na kurudi, saa 6 na dakika 40. Kilomita 51 kwa saa.

Sasa chukua zile 5,000. Kwa mwendo wa Nakuru ni saa 98 za injini. Kwa mwendo wangu ni saa 385. Namba ni ileile kwenye dashibodi, kazi ni karibu mara nne. Na hizo saa zangu ndizo mbaya zaidi: hewa haipiti vizuri kwenye boneti, petroli kidogo isiyoungua inapenya kwenye pete za pistoni na kuingia kwenye oili, na mvuke wa maji unaotokana na kuungua unabaki ndani kwa sababu injini haikupata moto wa kutosha muda wa kutosha kuufukuza. Maji, petroli na masizi vinatengeneza asidi, na dawa za kwenye oili zinatumika kuizima mpaka ziishe. Barabara ndefu inayafukuza maji hayo kwenye oili.

Nimeamua saa 200. Siyo namba ya Toyota. Nimeitoa kwenye kugawa 7,500 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 35 kwa saa, nikapata 214, nikakata kidogo kwa sababu ya ule ukoko. Kwa matumizi yetu sisi wawili ni kama miezi minne, kilomita 3,600. Shemeji anasema nina wasiwasi kupita kiasi. Huenda. Tofauti kati yetu kwa mwaka haifiki oili mbili, na injini ya mtumba ni pesa nyingine kabisa.

Jumamosi, 16 Machi. Mita ya saa

Daftari limeshindwa. Siku tisa mfululizo nilisahau kuandika, ikabidi nikadirie. Nimenunua mita ya saa, ile ndogo ya mviringo wanayofunga kwenye jenereta na pampu za maji, shilingi 900. Nyaya mbili: mmoja kwenye bodi ya gari, mwingine kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ikiwashwa. Imekubali mara ya kwanza, saa nane mchana. Nimejisikia fundi.

*Nyongeza, Jumatatu 18 Machi.* Leo saa moja asubuhi mita inasoma 41. Tangu Jumamosi gari limekwenda sokoni na kanisani. Nimekaa nikahesabu: kutoka Jumamosi saa nane mchana mpaka leo saa moja asubuhi ni saa 41 kamili. Fyuzi niliyoichagua ina umeme usiku na mchana. Gari lilikuwa limeegeshwa na mita inahesabu usingizi wangu.

Jioni nilitumia taa ya majaribio, ile bisibisi yenye balbu, nikagusa fyuzi moja moja swichi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, mpaka nikapata inayowaka pale tu unapoiwasha. Hilo nililipaswa kulifanya Jumamosi, na taa yenyewe ni shilingi 150. Mita haina kitufe cha kurudisha sifuri. Ilikuwa imefika 52. Kwa hiyo kila nikisoma ninaondoa 52, na nimeiandika kwa kalamu pembeni ya kioo chake. Saa za daftari tangu Januari, pamoja na makadirio ya siku za kabla ya daftari na zile siku tisa: 96.

Jumapili, 28 Aprili. Mafuriko

Wiki hii Nairobi imekuwa maji. Nimekwenda kazini siku mbili tu. Siku nyingine nililiwasha gari dakika kumi, nikalisogeza lisikae kwenye dimbwi, nikazima.

Leo nimefungua kifuniko cha kumiminia na moyo ukaruka. Chini yake kuna povu zito la rangi ya kahawa ya maziwa. Wazo la kwanza: gasketi ya hedi imekufa, maji yanaingia kwenye oili. La pili: nilipita kwenye maji marefu sana siku ya Jumanne.

Kabla ya kupiga simu nikamwona fundi mzee. Hakufungua hata boneti kwanza. "Mama, kijiti kinasemaje?" Tukakichomoa: oili nyeusi kidogo, safi, hakuna maziwa. Rejeta: maji yako kwenye kiwango, hayana mafuta juu. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe mzito. Akasema ni jasho tu la injini: mvuke umepanda, umekuta kifuniko baridi, umeganda na kuchanganyika na ukungu wa oili. Povu likiwa kwenye kifuniko peke yake, liendeshe gari mbali. Likiwa hata kwenye kijiti, usiliwashe.

*Nyongeza, 5 Mei.* Tumelipeleka Thika na kurudi bila kukimbia. Nilipofungua kifuniko hakuna povu. Ndizo zile dakika kumi zangu za "kulisogeza" zilizolileta.

Jumamosi, 25 Mei. Kilomita 151,946. Mara ya pili

Mita 160, ondoa 52, ni 108. Jumlisha 96 za daftari: saa 204. Kilomita tangu Januari 3,640.

Oili ilitoka kwa mkondo mmoja, nyeusi lakini laini vidoleni, haikwaruzi. Lita tatu na robo karibu, maana yake imekula kama nusu lita kwa miezi minne. Naweza kuishi na hilo, na 5W-30 inabaki. Mpira wa filta ulitoka na filta yake. Hata hivyo nilipangusa mzunguko mzima mara mbili. Bolti mpya imeingia kama siagi. Fundi mzee alinikazia maneno mawili tu kuhusu kuikaza: ukihisi washa imekaa, ongeza kidogo, acha. Kitabu kinasema nyutoni mita 37 na ushee, sina chombo cha kupimia, na mkono wangu hauna nguvu za kuiharibu. Wanaoharibu ni wale wenye mabomba ya kurefushia spana.

Kosa la leo ni la shemeji. Niliingia ndani kujibu simu, nikamwambia amimine. Akamimina mkebe wote, lita nne. "Si ndiyo imeandikwa nne?" Mkebe ni wa nne, injini ni ya 3.7. Kijiti kilionyesha kupita alama ya juu kwa upana wa kidole. Oili ikizidi sana krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inaipiga na kuifanya povu, na povu halishiki bering. Nyingine inatoroka kwa bomba la kupumulia na kuunguzwa. Kwa kiasi hiki labda kusingekuwa na neno, lakini sikutaka kujaribu kwenye injini ambayo ndiyo kwanza naielewa. Tulinunua bomba la sindano kubwa na mpira mwembamba, shilingi 150, tukapitisha mpira kwenye tundu la kijiti na kuvuta. Ni kazi ya dakika ishirini ya kuchosha, na shemeji ndiye aliyeifanya.

Kifuniko: ukoko umelainika, sehemu moja chuma kinaonekana.

Gharama: oili 4,800, filta 850, washa 80, sindano 150. Jumla 5,880.

Jumamosi, 14 Septemba. Kilomita 155,356. Mara ya tatu

Dakika hamsini tangu kuinua mpaka kushusha, na hakuna aliyepiga kelele. Mita 357: saa 197 tangu Mei, kilomita 3,410. Oili imepanda bei, 5,100 safari hii; filta na washa vilevile. Iliyotoka ilikuwa lita tatu na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo inakula pungufu kuliko mwanzo, labda pete za pistoni zimeanza kuachiana na uchafu, au labda ni vipimo vyangu vya jagi. Nitaamini nikiona mara ya nne.

Ukoko wa kifuniko umebaki kama pete nyembamba ukingoni. Soja amekuja kuangalia bila kuitwa. Keateka amenikumbusha doa.

Kwenye kibandiko kipya, juu ya kile cha Heisei, nimeandika kwa kalamu isiyofutika: 5W-30, 3.7, mita ijayo 557.